Zege la stampu na epoksi mpya: pamekuwa peupe, panabanduka, panateleza, uanzie wapi?

Siku hizi ukipita maeneo yanayojengwa Dar, Mbezi huko, Bunju, Kigamboni, unakuta watu wengi wameachana na pevingi pale mbele ya nyumba, wanamwaga zege, fundi anatia rangi, anagonga stampu zinazotoa sura ya mawe au mbao, akimaliza anapiga sila juu (dawa ya maji maji inayokauka na kuwa utando wa kulinda sakafu) na sakafu inang'aa vizuri mno. Ndani nako ni epoksi (ile ya makopo mawili yanayochanganywa), au niru (saruji iliyolainishwa kwa mwiko) ya oksaidi nyekundu iliyopigwa sila ya wazi. Kazi nzuri na pesa inatoka kweli kweli. Halafu wiki mbili tu pamekuwa peupe, au kuna malengelenge, au tairi ya gari imeondoka na kipande, na mwenye nyumba anachukua kilicho karibu, dawa ya choo, stilwaya, Jik, anaanza kusugua. Hapo ndipo sakafu inapoharibika moja kwa moja, na inauma maana mara nyingi ile shida ya kwanza ilikuwa inatibika kwa ndoo ya maji na sabuni.

Kitu kimoja kishike kabla hujagusa chochote. Sakafu ikishapigwa sila, unachokanyaga na unachodeki sio zege tena, ni ule utando uliolala juu ya zege, na kama ni sila ya akriliki utando wenyewe ukikauka ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari. Kwa hiyo kila ukiona kitu hakieleweki swali ni moja: hii shida iko juu ya sila, iko ndani ya sila, au inatoka chini ya sila? Iliyo juu unaisafisha. Iliyo ndani inabidi uiyeyushe sila au uivue. Iliyo chini hata upige sila mara kumi itarudi tu, maana hujaigusa.

Vipimo vya nyumbani kabla hujaenda dukani

Cha kwanza maji. Mwaga maji kidogo pale penye tatizo na uangalie kwa dakika kadhaa. Weupe ukipotea pakilowa halafu ukarudi pakikauka, basi uko juu, ni vumbi la chumvi, mabaki ya sabuni, mikwaruzo midogo midogo au sila imeshalika. Weupe usipobadilika kabisa, upo ndani au chini. Na kama weupe unakuja mvua ikinyesha halafu jua likiwaka unaondoka wenyewe, hapo sila inanyonya maji, ama haijakomaa ama unyevu unapanda kutoka ardhini. Hapo hapo angalia na matone, yakisimama juu sila ingali inafanya kazi, yakinywewa na pakawa na rangi nzito ujue pale sila imeisha au haikushika tangu mwanzo.

Cha pili selotepu pana. Ibandike, ikandamize vizuri na kidole, ivute kwa ghafla, kisha geuza uangalie kilichotoka nayo. Ikitoka na ngozi ya sila na nyuma yake kuna unga unga wa rangi au vumbi, sila haikushika zege, ilishika vumbi.

Cha tatu ni cha kujua sila yako ni ya aina gani, maana fundi keshaondoka na kopo halipo. Chukua pamba, ilowanishe zailini (xylene, kimiminika cha kuyeyushia rangi) au thina kali ya rangi za gari (tapentaini haitakuonyesha kitu hapa), iweke pembeni pasipoonekana kwa nusu dakika, kisha gusa kwa kidole chenye glavu. Pakinata na kulainika ni akriliki. Pasipobadilika ni epoksi au poliyurethani (aina nyingine ya sila ngumu) iliyokomaa. Hii habari ni ya muhimu sana kwa sababu akriliki inaweza kuyeyushwa na kutengenezwa pale pale ilipo, epoksi haiwezi, epoksi ni ya kusaga.

Cha nne cha unyevu wa chini. Kata nailoni nzito ya wazi, sentimita 45 kwa 45, ibandike pande zote na selotepu isipitishe hewa, iache angalau masaa 16. Ukifunua ukakuta jasho chini ya nailoni au zege limekuwa jeusi jeusi, maji yanapanda kutoka kwenye jamvi, yaani lile zege la sakafu lililomwagwa juu ya ardhi. Kipimo hiki kinafaa zaidi pale ambapo sila imebanduka na zege liko wazi, juu ya sila nzima kinaweza kukudanganya.

Siku za mwanzo

Sila ikikauka mkononi haimaanishi imekomaa. Akriliki ya thina unaikanyaga kwa miguu mitupu baada ya siku moja, epoksi nayo karibu hivyo hivyo, ila kukomaa kabisa ni kama wiki nzima, na gari lisubiri hiyo wiki hata kama fundi amekwambia siku tatu zinatosha. Maji ya kudeki yasubiri siku tatu, hapo kati ukiona vumbi fagia kwa fagio laini tu. Kapeti, mikeka ya mpira, ndoo zinazokaa sehemu moja na vyungu vya maua visubiri zaidi, hata wiki mbili tatu, maana vinafungia hewa na unyevu chini yake na ukija kuvinyanyua unakuta umbo la kitu limechorwa sakafuni. Nairobi mwezi wa saba, usiku nyuzi joto zikishuka hadi 11 hivi, ongeza muda, epoksi ikipungukiwa nyuzi 10 inachukua karibu mara mbili ya muda wake kukomaa.

Mwambie kila mtu hapo nyumbani, na dada anayesaidia kazi mweleweshe kabla hajaweka ndoo, maana yeye ndiye ataishika hiyo sakafu kila siku na si haki kuja kumlaumu kwa kitu ambacho hakuambiwa.

Pamekuwa peupe

Hii ndiyo kesi inayoongoza pwani kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Sababu ya kwanza ni sila nzito. Lita moja ya akriliki kwa kawaida inatembea mita za mraba 5 hadi 7 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Paking ya mita za mraba 60 basi inataka kama lita 9 hadi 12 kwa mkono, na mikono miwili myembamba ndiyo kazi. Sasa fundi anakuja na ndoo ya lita 20 anaimaliza yote mkono mmoja kwa sababu mwenye nyumba kasema anataka ing'ae, juu panakauka haraka na panafunga, ndani thina na unyevu vimekwama, na vile vitundu vidogo vilivyokwama ndivyo unaviona kama weupe. Sababu ya pili ni muda, sila imepigwa jioni sana umande ukaishukia, au imepigwa asubuhi mapema zege likiwa bado na ubaridi wa usiku, hewa ya Dar ina unyevu mwingi na sakafu ikiwa baridi kuliko hewa unyevu unageuka maji juu yake bila wewe kuyaona. Sababu ya tatu zege lenyewe bichi, siku 28 hazijafika, au masika ya mwezi wa tatu hadi wa tano yameloanisha jamvi na fundi hakusubiri likauke.

Matibabu ya weupe wa ndani ya akriliki: subiri siku kavu kadhaa mfululizo, chagua kipande kidogo kisizidi mita moja, paka zailini nyembamba kwa brashi, uone. Weupe ukiondoka na pakikauka haurudi, umepata dawa, endelea kipande kwa kipande kwa rola inayohimili thina, unapitisha zailini mpaka sila inalainika na kujilaza upya na unyevu unatoka. Sio lazima uongeze sila, kwenye sila nzito ndio usiongeze kabisa. Ukirudi weupe ule ule baada ya siku mbili tatu basi maji yanatoka chini, rudi kwenye kipimo cha nailoni. Na sila ya akriliki ya maji usiiendee kichwa kichwa, zailini wakati mwingine inaivuruga ikawa mabonge, kile kipande cha majaribio ndio kitakwambia.

Tafadhali sana kwenye hili: zailini inawaka moto na mvuke wake unalewesha. Milango na madirisha wazi, maski ya mafundi rangi yenye filta za mvuke na sio ile ya kitambaa, glavu, jiko la mkaa na la gesi vizimwe, sigara hakuna, watoto wasiwepo. Kama ni ndani ya nyumba na hewa haipiti, iache, mwite mtu mwenye vifaa.

Weupe wa chumvi ni kitu kingine japo unafanana kwa mbali. Ndani ya saruji kuna chokaa inayoyeyuka kwenye maji, maji yakipanda juu yanaibeba, ikifika juu inakutana na hewa ya kaboni dayoksaidi inageuka unga mgumu mweupe. Ukiwa juu ya sila au pale sila ilipoisha, anza na brashi kavu ngumu kiasi ya nailoni, fagia unga wote uutoe nje, ndipo uoshe na maji, ukianza na maji chumvi nyingine zinayeyuka na kurudi kwenye vitundu kesho unaziona tena. Ukiwa chini ya sila, yaani unauona lakini kidole hakiugusi, hakuna sabuni itakayoufikia, sila ivuliwe pale, zege lisafishwe, likauke, uangalie kama chumvi inarudi kabla ya kupiga upya. Na tafuta maji yanatoka wapi, mara nyingi ni bomba la bafu la nje, bustani inayomwagiliwa kila jioni ukutani, au jamvi lililomwagwa bila nailoni chini.

Kuna na weupe ambao hausababishwi na zege wala fundi, ni maji. Dar sehemu nyingi karibu na bahari maji ya kisima yana chumvi, ukideki nayo au ukiosha gari ukaacha yakauke juani, yanaacha madoa meupe ya mviringo. Osha na maji ya bomba au ya mvua, kausha na skwiza au kitambaa, basi. Doa likiwa sugu, siki kijiko kimoja kikubwa kwenye lita moja ya maji, kwa epoksi peke yake, dakika moja tu na suuza sana. Kwenye terazo na kwenye zege ambalo sila imechoka siki isiguse, terazo ina vipande vya marumaru na asidi yoyote inavila, unapata madoa yaliyofubaa ambayo ni ya kusaga na mashine.

Malengelenge na vitundu

Zege lina vitundu vyenye hewa. Jua likiwaka hewa inatanuka, inapanda, inakutana na sila iliyoanza kukauka juu, inasukuma. Kwa hiyo ukiona malengelenge madogo yametapakaa sehemu iliyokuwa juani na kwenye kivuli cha mwembe hakuna, jibu unalo, sila imepigwa zege likiwa la moto. Yakiwa kila mahali, hata kivulini, ni sila nzito au fundi amekimbiza rola likatia hewa. Malengelenge makubwa yenye maji ndani, ukiyatoboa yanatoa unyevu, hayo ni ya chini, ni maji yanapanda na yanaisukuma sila kwa nguvu, epoksi ndio inaathirika zaidi kwa vile haipumui.

Akriliki, malengelenge madogo yanatibiwa na zailini kama weupe. Epoksi unasaga kwa msasa, unafuta vumbi, unarudia mkono. Yale ya maji usirudie chochote mpaka unyevu upatiwe dawa.

Muda mzuri wa kupiga sila pwani, ukiniuliza mimi, ni kuanzia kama saa tisa na nusu alasiri pale zege linapoanza kupoa, hewa ya ndani inajivuta chini badala ya kupanda, na umalize mapema, saa kumi na moja hivi, umande usikukute sila ingali mbichi. Siku ya mawingu mazito ya vuli acha kabisa.

Panabanduka

Sila inabanduka kwa sababu haikushika, na haikushika kwa sababu kulikuwa na kitu katikati. Kwenye zege la stampu kitu hicho karibu kila mara ni ile poda ya rangi inayomwagwa ili stampu isinate na zege. Poda inatakiwa ioshwe siku inayofuata au mbili tatu baadaye, ioshwe kweli, maji ya presha na brashi mpaka maji yanayotiririka yawe karibu meupe, kisha pakauke. Fundi mwenye haraka anafagia tu juu juu anapiga sila, na poda ile ikibaki sila inaigandia hiyo poda, ukipitisha selotepu unaiona nyuma imejaa rangi.

Kwenye niru shida ni ulaini. Fundi niru mzuri anakandika kwa mwiko mpaka panateleza, hakuna kitundu hata kimoja, sila au epoksi inakaa juu haina pa kushika. Niru inatakiwa ikwaruzwe kwanza kwa mashine au msasa mzito mpaka ukipitisha kiganja usikie kama msasa, na matone ya maji yanyweke. Wengine wanaichubua kwa asidi, inafanya kazi, ila asidi isipooshwa na maji mengi na kupunguzwa makali kwa maji ya magadi mabaki yake yenyewe yanakuja kubandua sila, kwa hiyo mimi napendelea kusaga.

Sababu nyingine ni dawa iliyopuliziwa zege wakati wa kumwagwa ili lisikauke haraka, hiyo nayo inaacha ngozi. Na juu ya yote kuna kurundika, kila mwaka mkono mpya juu ya wa zamani bila kuangalia, baada ya miaka minne unene umekuwa mkubwa unapasuka na kunyanyuka wenyewe.

Dawa: panapobanduka kwangua yote isiyoshika mpaka ufike inaposhika, usafishe kilichosababisha, pakauke, piga upya mikono miwili myembamba. Kama nusu ya eneo linabanduka usihangaike na viraka, vua yote.

Tairi inaondoka na sila

Gari linatoka Ubungo kwenye foleni, tairi za moto, linaingia kwenye paking mpya linasimama. Tairi lina kemikali za kulainisha mpira, zikiwa na joto zinahamia kwenye akriliki na kuilainisha, tairi likipoa linajikaza na kushika sila, asubuhi unarudi nyuma unaacha umbo la tairi limebanduka au doa la kahawia. Mbaya kuliko yote ni kukata usukani gari likiwa limesimama, hapo unasaga. Alama nyeusi tu inatoka kwa sabuni ya kuondoa grisi na brashi ya nailoni. Pakiwa pamebanduka, lainisha kingo kwa zailini na upige mkono mwembamba pale pale. Ikijirudia hata baada ya sila kukomaa, akriliki sio ya hapo, omba fundi vua na weka poliyurethani ngumu au ile sila inayozama ndani ya zege bila kuacha ngozi juu, haing'ai sana ila tairi haina cha kubandua.

Panateleza

Hapa naomba mtu asifanye uzembe, hasa kwenye ngazi, bafu la nje na kibaraza ambapo mama au bibi anapita asubuhi na kandambili zimelowa. Kwanza jua kinachoteleza ni nini. Osha kipande kwa sabuni ya maji kidogo na brashi, suuza sana, kilowanishe tena, ukanyage kwa uangalifu. Kisipoteleza tena, ulikuwa ni mwani, ule ukijani wa kivulini, au mabaki ya sabuni. Kikiteleza vile vile, ni sila yenyewe imepigwa nene ikafunika mikunjo ya stampu iliyokuwa inashika mguu. Tiba ni mkono mwingine mwembamba uliochanganywa na unga wa kuzuia utelezi, kuna wa plastiki laini na kuna wa chenga ngumu za aluminiamu oksaidi, wa plastiki unafaa miguu mitupu. Unachanganywa kwenye sila na unakorogwa muda wote la sivyo unalala chini ya ndoo, kumwaga mchanga wa kawaida juu ya sila mbichi haifai, unang'oka na unapaacha pana mashimo yanayoshika uchafu.

Ukijani unauzuia kwa kuondoa majani na kuacha jua na hewa vipite. Ukishaota tumia brashi, maji na sabuni, ukishindwa, Jik iliyochanganywa na maji mara kumi, dakika tano, suuza. Na Jik isikutane na dawa ya choo ya asidi hata kidogo, mchanganyiko wake unatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, mtu anaweza kuzimia hapo hapo bafuni.

Epoksi inanata au ina mafuta mafuta

Kuna aina mbili na watu wanazichanganya. Kama sakafu nzima imekauka ngumu ila juu kuna utelezi wa nta nta, ni kemikali za hadina (kopo B, linalofanya epoksi igande) zilizopanda na kukutana na unyevu wa hewa, zinatoka kwa maji ya vuguvugu, sabuni na sponji ngumu, suuza, kausha, imeisha. Lakini zitoke kabla ya mkono wa pili, ukipigwa juu yake utabanduka. Kama ni mabaka mabaka yananata, pengine pamekauka pengine bado, hapo kopo A na kopo B havikupimwa au havikukorogwa vizuri, fundi alichanganya kwa macho au alikwangua lile pembe la ndoo lililokuwa halijachanganyika akalimwaga sakafuni. Hiyo haitakauka hata mwaka mzima. Kwangua, futa kwa thina, saga, rudia, na fundi ndiye agharamie.

Imefifia au imegeuka njano

Epoksi iliyo dirishani au kibarazani ikigeuka njano, ni jua. Haisafishiki. Unakwaruza juu kidogo na kupiga poliyurethani ile isiyogeuka njano, na fundi akikuambia epoksi tupu inafaa nje usimkubalie.

Kufifia kunatokana zaidi na usafi wetu wenyewe. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi mengi, mtu anaweka kikombe kizima, anadeki, hasuuzi, kila siku tabaka jipya linakauka juu ya la jana mpaka panakuwa na ukungu na vumbi linashika. Suuza mara mbili tatu na maji matupu utashangaa mng'ao ulikuwa bado upo. Mafuta ya taa ambayo wazazi wetu walitumia kung'arishia sakafu nyekundu zile ambazo hazikuwa na sila, usiyapake juu ya akriliki. Mchanga nao ni adui mkubwa, ukibebwa na ndala unafanya kazi ya msasa, kwa hiyo fagia kabla ya kudeki, usideki juu ya mchanga.

Madoa

Mafuta ya gari au ya kupikia, usisugue kwanza, mwagia maranda au mchanga mkavu au hata unga, viache vinywe, zoa, ndipo sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu. Zambarau na maua ya mkrismasi yakikaa mvuani yanaachia rangi, yazoe siku hiyo hiyo. Kutu ya miguu ya viti vya chuma inaingia ndani na dawa zake ni asidi, kinga ni rahisi kuliko tiba, vishike viti raba ngumu nyeupe au vipande vya plastiki, sio mpira mweusi. Mkojo wa mbwa na matapishi ya mtoto ni asidi au chumvi, mwagia maji mengi mapema. Doa ambalo haliondoki kwa sabuni na muda wa dakika kumi limeshapita sila, hapo ni kuvua sila kipande hicho na kusafisha zege.

Usafi wa kawaida

Ndani: fagio laini au mopu kavu kila siku, dekio lenye unyevu na sio la kuchuruzika, kifuniko kimoja cha sabuni ya vyombo kwenye ndoo ya lita 10, kisha pitisha maji matupu. Ukinunua sabuni maalum angalia iandikwe pH karibu na 7, yaani si asidi wala si magadi. Nje: fagio la chelewa linafaa, mpira wa maji na brashi ya nailoni mara moja kwa wiki kama kuna vumbi jekundu. Mashine ya presha ni sawa ila noze pana, umbali wa sentimita 30 angalau, usisimame sehemu moja, na usiielekeze kwenye ukingo ulioanza kunyanyuka maana itaubandua wote. Stilwaya, asidi ya choo, sponji ya kijani ya masufuria, hapana.

Akriliki ya nje kwenye jua letu kwa kawaida inataka mkono mpya kila baada ya miaka miwili au mitatu. Usihesabu miaka peke yake, mwaga maji kila msimu wa masika unapoisha, matone yakisimama subiri, yakinywewa sehemu gari linapopita piga hapo panapohitaji, mkono mmoja mwembamba, baada ya kuosha na kukausha siku mbili za jua.

Na siku fundi anamaliza kazi, kabla hujampa pesa ya mwisho, piga picha lebo ya kopo la sila na tarehe iliyopigwa, muulize ni ya maji au ya thina, mkono mara ngapi, na mwombe akuachie nusu lita iliyobaki kwenye chupa ya kioo iliyofungwa vizuri, iwekwe mbali na watoto na moto, kama ni epoksi basi picha ya makopo yote mawili inatosha.